Majina Yaliyombakia Mwalimu

Fundi alishona magauni na sare za shule, na katika mtaa ule hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, yenye pedali pana ya chuma, na ilikaa dirishani katika chumba cha mbele ambako mwanga huingia mapema. Kushoto kwake palikuwa na meza ya kukatia vitambaa. Kulia, tangu mumewe augue, palikuwa na kitanda. Mteja aliyekuja kupimwa ilimbidi apite kati ya meza na mgonjwa, avute tumbo ndani, aseme "Shikamoo, Mwalimu," ndipo ageuke apimwe kiuno.

"Hapo hapo ulipovuta tumbo," Fundi alikuwa akimwambia mteja, "nikikushonea saizi hiyo utapumua vipi harusini?"

Mteja alicheka, na mgonjwa kitandani alitazama dari.

Mumewe alikuwa amefundisha Kilatini maisha yake yote katika seminari iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Wanafunzi walimpa jina la Bwana Safu, na kama lilivyo kawaida ya majina ya utani, walidhani halijui, naye alilijua siku ile ile lilipozaliwa. Safu yenyewe ilikuwa hivi. Katika Kilatini, jina la mtu hubadilika mkia kufuatana na kazi yake katika sentensi. Mtu akitenda jambo jina lake lina mkia mmoja, akiwa mwenye kitu lina mwingine, akipewa mwingine, akitendwa mwingine, akiitwa mwingine, na jambo likitokea kwake lina mwingine tena. Basi Mwalimu alikuwa akiwasimamisha vijana sita mbele ya ubao, kila mmoja na mkia wake, na jina lilipita kutoka kinywa cha wa kwanza hadi cha wa mwisho kama ndoo ya maji inavyopita mikononi mwa watu wanaozima moto.

Majina ya Kilatini yenyewe hayakuwasumbua sana. Yaliyowatoa jasho ni yale yaliyohamia humo kutoka kwa Wagiriki, majina ya mashujaa na mabinti wa hadithi zao za kale, akina Orpheus, Perseus, Circe na Ariadne. Hayo, Mwalimu alisema, ni wageni waliokaribishwa sebuleni wakakataa kuvua koti. Wamekaa kwenye kiti cha Kilatini, lakini koti ni la kwao, na mwenye nyumba hakuthubutu kulivuta. Huyu Orpheus akitendwa jambo, ni ruhusa kumwita Orpheum kama mwenyeji au Orphea kama kwao, na yote mawili ni sahihi. Vijana waliposikia kwamba yote mawili ni sahihi walizidi kuchanganyikiwa, maana mtu akiwa na mlango mmoja anaingia, akiwa na miwili anasimama.

Kijana akikwama, ilikuwa marufuku kumnong'oneza jibu. Marufuku pia kumcheka. Wa kwanza alirudi mwanzo, akataja upya, wa pili akadaka, wa tatu akadaka, safu ikaja kwa kasi zaidi kuliko mara ya kwanza, na ilipomfikia aliyekwama mara nyingi neno lilimtoka lenyewe kabla hajaamua kulisema. Kama halikumtoka, walirudi tena. "Hatumwachi mtu njiani," Mwalimu alisema. "Tunarudi kumchukua."

Fundi aliyajua hayo yote kwa sikio tu. Miaka ile walikaa katika nyumba za walimu, na dirisha lake lilitazamana na dirisha la darasa. Alikanyaga cherehani huku safu ikipita, na mguu wake ulizoea kwenda na ile sauti. Maana hakuijua wala hakuitaka. Jina moja tu ndilo lililomkaa moyoni, Ariadne, kwa sababu Mwalimu alipokuwa bado anamposa alimsimulia habari zake. Binti huyo alimpa kijana mgeni kibunda cha uzi, kijana akaingia nao katika jumba la vichochoro lisilokuwa na mwisho, akamaliza kazi yake humo, akafuata uzi hadi nje. Wakaondoka pamoja, na mbele ya safari, binti akiwa amelala kwenye kisiwa, kijana akamwacha hapo akaenda zake.

"Akamwacha?" Fundi aliuliza, sindano ikiwa mdomoni.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Baada ya uzi wote ule? Mwanamume gani huyo?"

"Mimi nafundisha majina yao," Mwalimu alijibu, "tabia zao sikuzikuta mezani."

Fundi alicheka, akakubali kuolewa, lakini kile kisiwa hakukisamehe.

Kiharusi kilimpata Mwalimu akiwa amestaafu, asubuhi, akifunga kamba za viatu. Kiliuchukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, na kikachukua maneno. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa amebakiwa na neno moja tu, "bado". Ukimuuliza kama ana njaa alisema bado. Ukimuuliza kama ameshiba, na sahani iko tupu mbele yake, alisema bado. Mwenyewe alilisikia linavyotoka si lenyewe, na macho yalimjaa hasira, kisha akalisema tena.

Nyuma ya ukuta, katika chumba cha uani, alikaa mama yake Fundi, bibi kizee asiyeona tena ila mwenye masikio ya popo. Alikuwa ameapa kutotoka katika nyumba ile ila kwa jeneza. Mwanzoni hakuelewa ugonjwa.

"Mkwe wangu amekuwa mvivu," alisema kupitia ukutani. "Kila kitu bado, bado. Kwani anangoja nini?"

"Mama, anaumwa."

"Najua anaumwa. Hata mimi naumwa, lakini nasema."

Siku iliyobadilisha mambo, Fundi alikuwa akitia mikono kwenye sare. Kazi ya mikono inataka mwendo mmoja, usiharakishe wala usisite, na bila kufikiri alianza kuimba kile alichokizoea tangu dirisha lile la zamani. "Ariadne, Ariadnes..." Kitambaa kikamkwama kidogo kwenye kona ya kwapa, akanyamaza kukinyoosha. Kutoka kitandani, kwa sauti ya darasani, kavu na safi, ikaja: "Ariadnae, Ariadnen, Ariadne, Ariadne."

Mguu wake ulisimama kwenye pedali. Aligeuka. Mwalimu alikuwa anamtazama kama mtu aliyesikia hodi na hajui ni mlango upi.

"Rudia," Fundi alisema.

"Bado," alisema Mwalimu, na kidevu kikamtetemeka.

Hapo ndipo Fundi alipoelewa la kufanya. Hakumnong'oneza. Alirudi mwanzo. "Ariadne, Ariadnes," na Mwalimu akadaka, akaenda hadi mwisho. Mkwe wake Fundi, mke wa kijana wao mkubwa, alikuwa muuguzi katika mji mwingine, na alipopigiwa simu alisema ameshawahi kuyaona hayo. Wapo wagonjwa wasioweza kuomba chai lakini sala nzima wanaisali, au wanahesabu, au wanaimba, kwa vile mambo ya kukariri yanakaa kama katika ghala lake. "Mama, endelea hivyo hivyo," alisema.

Akaendelea. Asubuhi Ariadne, adhuhuri Circe, jioni Orpheus na koti lake. Wateja walizoea. Mama mmoja muuza mboga alimuuliza kama ile ni dawa ya kienyeji. "Ni ya Wagiriki," Fundi alijibu, "nao walikuwa na kwao." Na polepole likatokea jambo ambalo hata mkwe hakulitabiri. Mwalimu alipofika mwisho wa safu kwa kasi, mara chache, si kila siku, ule mwendo ulimbeba ukampitisha ukingo, na neno la kawaida likadondoka nyuma yake. La kwanza lilikuwa "maji". Fundi alimletea maji mbio, nusu yakamwagika kwenye shuka, na Mwalimu akanywa akilia.

Baadaye likaja "dirisha". Likaja "baridi". Siku moja, baada ya Perseus, lilikuja "kelele", likimlenga bibi kizee nyuma ya ukuta, na bibi akasema, "Nimesikia! Sasa amepona, amerudi na adabu zake zile zile."

Lakini mwili wa Fundi ulikuwa unalipia. Kumwinua Mwalimu kitandani, kumkalisha, kumpeleka kuoga, kisha kumgeuza bibi, kisha kurudi kwenye cherehani hadi sare za watu zitoke. Nyonga ilianza kumsumbua. Aliifunga kwa kitambaa kipana chini ya gauni na hakumwambia mtu. Asubuhi moja chooni, sakafu ina maji, alimwinua Mwalimu vibaya, nyonga ikakataa, wakaanguka wote wawili. Yeye alikuwa chini. Walilala pale, uso kwa uso, bila kuweza kuinuka, bibi akipiga kelele nyuma ya ukuta, hadi muuza mboga aliposikia akaja akawatenganisha kama anavyotenganisha mafungu yake. Mwalimu hakuumia. Fundi alichechemea tangu siku hiyo, na akasema ni kiatu.

Kijana wao alikuja na mkewe siku ya mapumziko. Alikuwa fundi wa umeme, mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kugusa ukuta wa kila nyumba aliyoingia kana kwamba anatafuta waya. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama, tumempatia Baba nafasi. Kwetu ni chini, hakuna ngazi. Nimemwekea vyuma vya kushikia bafuni. Mwenzangu anafanya kazi karibu, kuna na kituo cha mazoezi. Tumchukue."

"Na mimi?"

"Na wewe pia, karibu sana. Lakini Bibi..."

"Mimi sitoki!" Bibi alisema kupitia ukutani.

Kijana alikuna kichwa. "Ndiyo hilo. Huwezi kuwabeba wote wawili, Mama. Unachechemea."

"Kiatu."

"Uko pekupeku."

Fundi alitazama miguu yake. Mkwe akainamisha uso, asionekane akitabasamu.

"Baba yako ni wa hapa," Fundi alisema. "Hapa ndipo maneno yanamrudia. Ukimtoa hapa utamzima kama taa, wewe si ndiye wa umeme?"

"Mama, kusema ukweli, Baba haelewi alipo. Yale ni kama kasuku tu, anakariri."

Hilo lilimchoma. Alisimama, akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda. "Haelewi? Basi tumuulize mwenyewe. Atakalosema, ndilo." Alisema hivyo akiwa na hakika ya jibu, kama mtu anayekata kitambaa alichokipima mara nyingi. Alimshika Mwalimu mkono ulio mzima. "Baba watoto, sikiliza. Wanataka kukupeleka kwao. Unataka kwenda, au unataka kubaki? Usiwe na haraka. Nakuja kukuchukua." Akaanza. "Ariadne, Ariadnes..."

"Ariadnae," alisema Mwalimu, akakwama.

Alirudi mwanzo. Mwalimu akafika wa nne, akakwama. Alirudi tena, kwa kasi, akikanyaga sakafu kwa mguu mzima kama pedali, na mara hii mumewe alipita wote, wa nne, wa tano, wa sita, jasho likimtoka kwenye paji, akapita ukingo, akasema:

"Nipelekeni."

Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kuyatoa, zima, lenye kila kiungo chake, na kijana aliyesema kasuku aliinuka kwenye kiti kama aliyeguswa na waya kweli.

"Amesemaje?" Bibi aliuliza.

Fundi aliuachia ule mkono. Alirudi kwenye cherehani, akakaa, akaingiza uzi kwenye sindano mara tatu ukakataa.

"Mimi sikukurudishia maneno ili uniage," alisema bila kugeuka. "Nimekupa uzi, umetoka nje, na sasa unaniacha kisiwani. Umefanya kama yule yule."

"Bado," alisema Mwalimu. "Bado, bado."

"Hakuna bado. Umeshasema."

Watoto walisema watakuja na gari wiki ijayo. Siku zilizofuata Fundi alimlisha, akamwosha, akambadilisha shuka, kila kitu kwa wakati wake, ila safu hakuianzisha. Wateja walishangaa ukimya. Pedali ilikwenda peke yake. Kitandani, Mwalimu alifumbua mdomo mara kadhaa alipoona mkewe anapita, kama mwanafunzi aliye tayari anayengoja wa kwanza aanze, na wa kwanza akapita na rundo la sare.

"Unamwadhibu," mama yake alimwambia alipokuwa akimlisha uji.

"Namhudumia."

"Mikono inamhudumia. Mdomo unamwadhibu. Mimi sioni, lakini si mjinga."

Siku iliyotangulia ile ya gari, Fundi alikuwa akimwogesha Mwalimu chumbani kwa beseni na kitambaa, maana chooni alikuwa haendi naye tena. Aliinama kumpangusa mguu, nyonga ikamdunga, akaguna na kushika ukingo wa kitanda. Alipoinua kichwa, ule mkono mzima wa Mwalimu ulikuwa umeshuka ukalikuta fundo la kitambaa alichojifunga Fundi chini ya gauni, lile alilodhani ni siri. Mkono ulibaki pale. Mdomo wa Mwalimu ulikuwa wazi, na macho yake yalikuwa yanamwomba, waziwazi, aanze.

Fundi alikaa kitako sakafuni, kitambaa cha kuogea kikimtonea magotini. Akaanza kwa sauti ndogo. Ilichukua muda. Alimrudia, akamrudia, na safu ilivunjika mara nyingi kuliko siku yoyote. Hatimaye Mwalimu alifika mwisho akiwa hana pumzi.

"Utavunjika," alisema.

Fundi alikirudisha kitambaa kwenye beseni. Aliweka paji lake kwenye goti la mumewe lenye maji, wakakaa hivyo hadi maji ya beseni yakapoa na Bibi akaanza kuuliza nyuma ya ukuta kama wamekufa wote au vipi.

"Tuko hai, Mama," alijibu. "Mkwe wako anasafiri kesho. Nataka nimkunjie nguo."

Jioni hiyo alizifumua mbavu za mashati yote ya Mwalimu, akashona kamba za kufungia ubavuni, ili mtu wa kumvalisha asihangaike na mkono uliolala. Asubuhi, kijana wake alipokuwa akipanga matandiko kwenye gari, Fundi alimwita mkwe mezani.

"Mwanangu, kaa hapa. Sema kama nisemavyo. Ariadne, Ariadnes, Ariadnae."

"Ariadne, Ariadne..."

"Wa pili ana s. Usiiache."

"Mama, mimi nilisoma uuguzi, haya mambo..."

"Hata mimi nilisoma kushona. Tena. Akikwama usimwambie jibu, hata akikuangalia kwa huruma. Rudi mwanzo. Na usimharakishe kabla hajala, akiwa na njaa anapotea kuanzia wa tatu." Alifikiri. "Na Orpheus usimguse kwanza. Huyo ana koti."

Mkwe hakuelewa habari za koti, ila alizishika zote, akizirudia kwa midomo hadi mlangoni. Kijana alimbeba baba yake mikononi, na alipompitisha mbele ya cherehani alisimama bila kuambiwa. Fundi alimtengeneza mumewe kola. "Haya," alisema. "Nenda. Nimekuruhusu, sikiliza vizuri. Yule wa kisiwani hakuomba ruhusa."

Mwalimu alimtazama muda mrefu. Hakusema hata bado.

Gari lilipoondoka Fundi alirudi kukaa dirishani. Kitanda cha kulia kilikuwa kimekunjwa godoro, na mteja wa kwanza aliyeingia alipita bila kuvuta tumbo, akasimama ghafla pale penye nafasi asijue amsalimie nani.

Simu ya mkwe ilikuja siku chache baadaye, Fundi akiwa anatia zipu.

"Mama, leo mezani nilimwanzia, akaenda mpaka mwisho, kisha akasema 'chumvi'."

"Ilikuwa imepungua?"

"Kweli ilikuwa imepungua."

"Basi kichwa kizima." Alicheka, na katikati ya kicheko akaiacha zipu mapajani. Alikuwa ameombea hilo hilo, kwamba Mwalimu aweze kuchukuliwa na sauti nyingine, na sasa ameweza. "Na mimi? Ameniulizia?"

Upande wa pili kulikuwa na kelele za vyombo, kisha zikakoma. "Hajakutaja, Mama. Sitaki kukudanganya."

"Usinidanganye. Mwekee simu sikioni."

Alisikia simu ikisogezwa, nguo ikikwaruza, kisha pumzi anayoijua. Hakumwanzia safu. Alimwacha apumzike. Alimwambia kwamba muuza mboga ameleta kitambaa cha kijani kibaya ajabu na anataka kionekane kizuri, kwamba Bibi ameanza kulalamika nyumba imekuwa kimya mno, kwamba nyonga ina nafuu, leo ameweza kuinama kuokota sindano. Kwenye simu ile pumzi ilikaa palepale, karibu, ikisikiliza, na Fundi akaendelea kusimulia huku mkono wake ukiunyoosha ule upande wa zipu uliokuwa umepinda.